Pezi Lililopita Juu ya Matuta

Benson alipiga simu Ijumaa saa nane mchana, Evelyn akiwa anachambua mchele wa wafanyakazi jikoni kwenye loji, nje kidogo ya mji wa Karatu. Benson alikuwa mkulima wa vitunguu, mtu wa Singida, jirani ya mama yake kule Mang'ola kando ya Ziwa Eyasi. Hakuwa mtu wa kupiga simu bila sababu.

"Dada, mama umeongea naye lini?"

"Jumanne. Tangu hapo simu yake haipatikani. Kuna nini?"

"Ziwa limepanda. Tangu juzi maji yamezunguka kile kilima chake pande zote. Nyumba ipo, naiona kutoka hapa kwangu, haijaguswa. Ila jana sikuona moshi. Na leo sijaona moshi."

Evelyn aliweka ungo chini.

"Hakuna aliyekwenda?"

"Vijana wawili wamejaribu kwa miguu, wakarudi. Tope linafika kiunoni. Ng'ombe wa mfugaji Lesiamon alizama humo hatujamtoa mpaka sasa. Boti iliyopo iko kambi ya wavuvi ng'ambo, wanahamisha watu wao. Ya wilaya wametuahidi Jumatatu."

Mama yake, Ester, alikuwa na miaka sitini na tisa na aliishi peke yake. Alikuwa na mbuzi kumi na mmoja, matuta machache ya vitunguu, na presha. Vidonge vya presha Evelyn alimtumia kila mwezi kwa basi, Benson akavipokea na kumpelekea. Vya mwezi huu vilikuwa vimechelewa kwa sababu ya barabara, na vilipofika maji yalikuwa yameshafika. Vilikuwa mezani kwa Benson.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Evelyn hakumwambia mtu. Miaka miwili nyuma alikwenda kumchukua mama yake aje kuishi Karatu, mbali na ziwa. Mama akakataa. Wakabishana asubuhi nzima, na Evelyn, akiwa amesimama mlangoni na begi begani, akasema, "Sawa. Maji yakija, usinipigie mimi." Tangu siku ile walisalimiana vizuri tu kwenye simu, wakaulizana habari za mvua na za mbuzi, wala hakuna aliyeligusa neno lile. Sasa maji yalikuwa yamekuja, na mama hakuwa amepiga.

Alifunga mchele ndani ya mfuko, akaenda karakana kwa Zablon.

Zablon alikuwa fundi seremala wa loji, mzaliwa wa Mbulu, mtu wa maneno machache anayesikiliza mpaka umalize. Alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Nataka mlango, fundi," Evelyn alisema. "Mlango wowote wa mbao. Nitaulalia nivuke."

"Mlango utaelea. Ukipanda wewe, utapinduka. Twende stoo, kuna madumu matupu. Tutafunga madumu, tuone."

Madumu yalikuwa yamesukumwa chini ya rafu ya rangi, rafu ndefu iliyolazwa juu ya mapipa mawili tangu kabla Evelyn hajaajiriwa pale. Alivuta dumu moja, likakwama. Akainua ncha ya rafu kwa mkono mmoja ili alitoe, na rafu ikapanda kirahisi, makopo matatu ya rangi yakiwa bado juu yake. Kopo moja likaanguka kwa kishindo.

"Fundi," alisema, "hii si mbao."

Waliondoa makopo, wakaugeuza ule ubao. Chini ya madoa ya rangi ya kijani ulikuwa na weupe uliogeuka manjano kama jino la mzee. Ulikuwa mrefu kumshinda Zablon kwa mkono mzima, mnene katikati, umechongwa mviringo mbele. Upande wa chini, karibu na mkia, palikuwa na mfereji mwembamba wenye urefu wa kiganja.

Aikande, meneja wa loji, alikuja akifuata kishindo cha kopo. Alikuwa mwanamke wa Machame, na kabla ya Karatu alifanya kazi ya hoteli Unguja kwa miaka mingi. Aliposimama mlangoni alisahau kugomba.

"Huu mmeutoa wapi?"

"Ndiyo rafu ya rangi," alisema Zablon.

"Huu ni ubao wa kuchezea mawimbi! Kuna mfupi na kuna mrefu. Huu ndio mrefu, wa wale wanaokwenda polepole. Wanalala kifudifudi, wanapiga maji kwa mikono, wakilipata wimbi ndipo wanasimama. Atakuwa aliuacha yule mgeni aliyezunguka na gari lake, alisema atarudi kuuchukua."

"Mimi sitaki kusimama," Evelyn alisema. "Nataka kulala kifudifudi, basi." Na akamweleza.

Aikande aliinama, akaingiza kidole kwenye ule mfereji.

"Hapa ni mahali pa pezi lake. Bila pezi, ubao unazunguka tu kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi." Kisha akageuka, akaelekea ofisini kwake kwa haraka, na mara upepo ukasikika ukibamiza mlango kule. Alirudi ameshika kitu cheusi, cha plastiki ngumu, kilichopinda kama mundu.

"Miaka minne nimezuilia mlango kwa hiki," alisema.

Pezi liliingia kwenye mfereji kama lililozaliwa humo. Kilichokosekana ni skrubu na kibati cha kuikamata kwa ndani, na hivyo Zablon alivitoa kwenye kitasa kibovu, akavichonga kwa tupa. Jua lilikuwa bado halijazama walipomaliza. Evelyn alitaka waondoke wakati ule ule, lakini Aikande alisema barabara ya kushuka Mang'ola ina makorongo mawili yaliyojaa, yapitwe mchana.

"Kesho gari ni lenu," alisema. "Wageni hakuna, limekaa tu. Nitaendesha mwenyewe."

Zablon bado alikuwa analitazama lile pezi.

"Moja halitoshi. Hatuyajui yale maji. Fundi haendi kazini na patasi moja." Alichukua kipande cha mbao ya mkangazi kilichobaki kwenye fremu ya dirisha. "Hili nitalichonga fupi. Na wewe nipe kitu kigumu kisichovimba kwenye maji, nichonge la tatu."

Evelyn alikwenda jikoni, akaleta ubao wa kukatia nyama, ule mweupe mzito wa plastiki.

"Mpishi mkuu hatauliza?"

"Mpishi mkuu ni mimi."

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi walikuwa kwenye bwawa la shamba la kahawa lililo jirani na loji. Ukungu ulikuwa haujainuka. Wachumaji kahawa, wengi wao wageni wa Dodoma, waliacha vikapu na kusimama kwenye kingo. Evelyn alifunga madumu mawili madogo matupu kiunoni, yamnyanyue akianguka. Kuogelea alijua kidogo. Alijifunza utotoni kwenye mifereji ya chemchemi ya Mang'ola, ingawa maji yale yalimfika kifuani tu.

Kwanza aliingia bila pezi, kwa sababu Zablon alitaka kuona. Alilala kifudifudi, akapiga maji mkono wa kulia, ubao ukageuka kushoto. Akapiga wa kushoto, ukageuka kulia na kuendelea kugeuka mpaka akawa anawatazama watu aliowaacha nyuma. Wachumaji wakacheka. Yeye hakucheka.

Wakaweka pezi la mkangazi. Ubao ukanyooka kidogo, ukawa unatetemeka kwa chini, na alipojaribu kukata kona pezi likapasuka kwenye shina. Zablon alilichomoa, akalitazama, akalitupa majanini.

"Nene mno. Kosa langu."

Lile jeupe lilikuwa fupi, lenye kitako kirefu, kama kisu cha kukwangulia tope viatuni. Lilikwenda, lakini mkia uliteleza upande kila alipopiga kwa nguvu. Zablon alilegeza skrubu, akalisukuma pezi nyuma kabisa kwenye mfereji, akakaza tena. Safari hii lilishika vizuri zaidi, ingawa kugeuza kulikuwa kazi.

Mwisho wakafunga lile jeusi, pezi la asili. Evelyn alipiga mikono mara nne, na ubao ukaenda kama uzi uliovutwa, moja kwa moja mpaka ng'ambo ya bwawa. Alipogusa majani ya upande wa pili aligeuka, akainua mkono.

"Hilo ndilo!" Aikande alipiga kelele kutoka kingoni.

"Ndilo," alisema Zablon. Hata hivyo lile jeupe alilifuta kwa shati, akalitia mfukoni pamoja na bisibisi.

Walifika kwa Benson saa saba mchana. Makorongo yote mawili waliyapita, la pili kwa kusukumwa. Evelyn alishuka kabla gari halijasimama sawasawa.

Mahali alipokuwa amezoea kuona mashamba palikuwa na maji ya kahawia, yametulia, yameenda mbali mpaka chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Miti ya mikoche ilisimama ndani yake kama watu waliovukishwa wakaachwa njiani. Kilima cha mama yake kilikuwa mbele, mita kama mia sita, na paa la bati liling'aa juani. Hakukuwa na mtu uani. Hakukuwa na moshi.

Benson alimpa vidonge, vimefungwa ndani ya mifuko mitatu ya plastiki. Evelyn alivitia ndani ya blauzi.

"Kiboko?" aliuliza Zablon.

"Hapa hapana. Maji ni magadi matupu, hata kambale wanajuta," alisema Benson.

Evelyn alilala kwenye ubao, akaanza. Lile pezi jeusi lilimpeleka vizuri mita hamsini, labda sitini. Kisha ubao ukasimama ghafla kama umeshikwa mkono kutoka chini, yeye akaruka mbele na kuingia majini. Mguu mmoja ulizama kwenye tope mpaka pajani. Aliukamata ubao kwa mikono yote miwili na kujivuta, na lile tope likawa linamvuta kwa upande wake, taratibu, bila haraka yoyote. Kiatu kilibaki humo. Alipanda tena ubaoni.

Alijaribu mbele tena, akakwama tena. Ndipo alipotazama chini na kuelewa. Maji yalikuwa na kina cha futi moja tu pale, na chini yake kulikuwa na matuta. Shamba lote la vitunguu lilikuwa bado lipo, limelala chini ya maji, tuta baada ya tuta, na pezi refu lilikuwa linagonga kila moja.

Aligeuka, akarudi. Zablon alikuwa amekwisha kuingia majini mpaka magotini na bisibisi mkononi.

"Matuta?" aliuliza.

"Matuta."

Zablon aliupindua ubao, akatoa jeusi, akaingiza jeupe, akalisukuma nyuma kabisa na kukaza skrubu mpaka mshipa ukamtoka shingoni.

"Hili halitakwenda kama uzi," alisema. "Litayumba. Wewe usishindane nalo, piga taratibu, kulia na kushoto sawasawa. Lakini litapita."

Lilipita. Tuta la kwanza alilisikia likikwaruza chini ya tumbo lake, kisha likaachia. La pili hivyo hivyo. Baada ya matuta kumi aliacha kuyahesabu. Katikati ya njia upepo wa mchana ukaanza kutoka upande wa ziwa, ukausukuma ubao pembeni, na pezi fupi halikuweza kuuzuia wote. Akafanya alivyoambiwa. Hakushindana, alielekeza ncha ya ubao kushoto ya kilima, upande unakotoka upepo, akaacha upepo umrudishe. Mabega yalikuwa yanawaka. Maji ya magadi yalimchoma macho. Aliyafumba, akapiga, akayafumbua, paa limesogea. Aliyafumba tena.

Ubao ulipogusa ardhi hakuamini. Alitambaa mpaka kwenye majani, akasimama, akaanza kukimbia kupanda kilima, kiatu kimoja mguuni, madumu yakigongana kiunoni.

"Aayo!" aliita, kama alivyomwita mama yake alipokuwa mdogo. "Aayo!"

Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje, kwa kamba. Aliishika ile kamba, akaanza kuifungua.

"Nani anayenitishia mbuzi?" sauti ikatoka nyuma ya nyumba.

Mama yake alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kichwa amekilaza ubavuni mwa mbuzi, anakamua. Alinyanyua uso. Akamtazama binti yake kuanzia kwenye nywele zilizoganda tope, akashuka kwenye madumu, akafika kwenye mguu usio na kiatu.

"Umekula?" aliuliza.

Evelyn alikaa chini pale pale kwenye kinyesi cha mbuzi. Machozi yakamtoka. Mama akaweka kikombe cha maziwa pembeni, akaja, akamshika kichwa kwa mikono miwili kama mtu anayepima tikiti.

"Mbona unalia? Nani amekufa?"

"Hakuna. Hakuna aliyekufa, mama. Simu yako?"

"Chaji imeisha. Nachajia dukani, na duka liko kule."

"Na moshi? Benson hajaona moshi siku tatu!"

"Kuni zimelowa zote. Nimepikia ule mtungi wa gesi ulionipa."

"Ule uliosema utalipuka?"

"Haukulipuka," mama alikiri.

Hapo Evelyn akacheka, na kucheka kule kukachanganyika na kile kilio mpaka akapata kwikwi. Alipotulia alitoa vidonge kutoka kwenye blauzi. Mifuko miwili ya nje ilikuwa na maji. Wa tatu ulikuwa mkavu. Mama alivipokea kwa mikono miwili, akavibana kifuani.

"Vilikuwa vimekwisha?"

"Nilivikata nusu nusu ili vifike. Kichwa kilikuwa kinaniuma kidogo. Kilibaki kipande kimoja."

Alimeza kidonge kizima kwa maziwa ya mbuzi. Evelyn akaanua kitenge kwenye kamba ya nguo, akapanda juu ya jiwe, akakipunga. Kule ng'ambo, watu watatu wadogo kama njiti walirukaruka. Mmoja, atakuwa Aikande, alikuwa anacheza kabisa.

Walikula ugali na maziwa. Baada ya chakula Evelyn alikusanya ujasiri.

"Mama, lile neno nililokuambia siku ile mlangoni. Nisamehe."

"Neno gani?"

"Nilisema maji yakija usinipigie mimi."

Mama alifikiri kweli, kwa kukunja uso.

"Hilo silikumbuki. Ninachokumbuka, uliondoka hujala. Nilikuwa nimepika makande ya sufuria nzima. Nikayala peke yangu siku tatu." Alikusanya sahani. "Hilo ndilo lililoniudhi."

Evelyn alimtazama akisuuza sahani kwa maji machache, bila kupoteza tone. Miaka miwili alikuwa amelibeba neno ambalo mama mwenyewe alikuwa hana habari nalo. Alijinyoosha juu ya mkeka kivulini ili apumzike kidogo, na usingizi ukamchukua mchana kweupe, usingizi mzito asiouona tangu mvua zianze. Mama alimfunika miguu kwa gunia, akarudi kwa mbuzi wake.

Boti ya wilaya ilikuja Jumatatu saa nne asubuhi kama ilivyoahidiwa. Ester alisema haendi popote bila mbuzi. Mwendesha boti alisema hakutumwa mbuzi. Walibishana kwa heshima, wakiitana baba na mama, mpaka mwendesha boti akaanza mwenyewe kuwanyanyua, mmoja mmoja. Zilikuwa safari mbili. Mbuzi wakabaki kwa Benson, aliyekwisha kuwatengea zizi tangu Jumapili.

Jumanne Evelyn alimpeleka mama yake kituo cha afya Karatu. Baridi ilimshangaza mama. Alikaa kwenye benchi amejifunga vitenge viwili na sweta la Aikande, akisalimiana na kila anayepita kwa Kiiraqw kwanza, kisha kwa Kiswahili kwa wasioitikia. Nesi alimfunga mkanda mkononi, akapampu, akasikiliza. Evelyn alikuwa amesimama pembeni, akikitazama kile kipimo asichojua kukisoma.

"Mia thelathini na nane kwa themanini na nne," nesi alisema, akifungua mkanda. "Si mbaya kabisa, bibi. Endelea na vidonge, usivikate."

Evelyn alimwomba nesi azirudie zile namba, kisha azirudie tena.

"Huyu mpime na yeye," mama alimwambia nesi.

Nesi alicheka, akampima. Alikuwa mzima. Nje, mama alisema atakaa Karatu mpaka maji yapungue, na siku moja zaidi haongezi. Evelyn hakubishana. Alichukua mfuko wa vidonge, akampa mama yake mkono, wakashuka ngazi za kituo taratibu, wakiongea juu ya bei ya vitunguu.